Mluzi Kwenye Redio ya Hadija

Mwezi uliopita Baba alifunga kibanda chake cha ushonaji. Macho yamechoka, uzi unatafuta tundu la sindano kwa dakika tano, na yeye si mtu wa kumkabidhi mteja suruali yenye mguu mmoja mrefu. Tulikwenda mimi naye kutoa vitu: cherehani mbili, pasi ya mkaa, na vitambaa ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Nikapanda kwenye stuli kupapasa juu ya dari, mkono wangu ukashika kitu kilichoviringishwa kama kiota cha ndege. Ilikuwa waya nyembamba ya shaba, imeota ukijani, inanuka vumbi na mafuta ya cherehani.

"Baba, na hii?"

Akainua uso, akaitazama juu ya miwani. "Tupa. Ni ya ile redio iliyonishinda."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anavyotaja mvua ya juzi. Mimi nikabaki juu ya stuli, waya mkononi. Redio haikumshinda Baba. Nilimshinda mimi, nikiwa na miaka tisa, kwa midomo yangu hii.

Kama ulikua Kigali wakati niliokua mimi, utakumbuka simu za kioo zilipoanza kutoka kwa watu wa ofisini kuja kwa mafundi na wauza mboga. Rwezamenyo kwetu, simu ya namna hiyo ilikuwa inapitishwa mkono kwa mkono, kila mtu anaifuta kwanza kwa shati kabla ya kuigusa. Baba alipata ya kwake kutoka kwa mteja, ina ufa kwenye kona, na kwa miezi mingi aliitumia kupiga simu na kutazama saa tu.

Dada yangu Hadija alinizidi miaka mitatu. Alizaliwa akisikia vizuri. Alipokuwa na miaka mitano aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa wiki nyingi, akarudi nyumbani amekonda na hasikii kitu. Kusema hakuacha, ila sauti yake ilibaki bapa, haipandi wala haishuki, na wasiomzoea walidhani anagomba, hivyo mara nyingi alisema kwa mikono. Kabla ya kuugua, nilisimuliwa, alikuwa mtoto wa redio. Baba alikuwa akimpakata jioni wakisikiliza mpira, naye akipiga kelele za goli kumzidi mtangazaji. Aliporudi kutoka hospitali, Baba aliichukua redio ya nyumbani akaihamishia kibandani. Hakumweleza mtu sababu. Mimi nimekulia katika nyumba isiyo na redio, kwenye mtaa ambao kila dirisha lilikuwa na ya kwake.

Hadija alisoma shule ya bweni ya viziwi, mbali na Kigali, na kila likizo alirudi na ishara mpya mikononi. Alinifundisha zote. Baba na Mama walijua nne: kula, lala, njoo, vizuri. Zaidi ya hapo waliniita mimi. "Mwambie dada yako ndoo ijae." "Muulize dada yako anaumwa wapi." Wageni wakija, Hadija alinigusa goti na kuuliza kwa nyusi: wamesema nini? Nami nikamwambia. Nilikuwa mdogo kuliko wote pale nyumbani, lakini hakuna neno lililoingia wala kutoka kwa Hadija bila kupita kwangu.

Na kwa kuwa lilipita kwangu, wakati mwingine nililipunguza, au nililigeuza. Iddi moja Shangazi Mariamu wa Kabeza alituletea magauni mawili, la bluu lenye tarizi kwa Hadija na la kijani kwangu. Hadija alilikumbatia lile la bluu, akaniambia kwa mikono nimwambie shangazi ahsante sana. Nikamgeukia shangazi nikasema, "Anasema rangi hii haipendi, anataka la kijani." Kisha nikamgeukia Hadija nikamwambia kuwa shangazi amekosea, la bluu lilikuwa langu. Alilikunja taratibu, vizuri, kabla ya kunipa.

Kitu kingine kilichokuwa changu ni mluzi. Nilijifunza kwa watoto wa jirani, nikawapita wote. Mama aliponisikia mara ya kwanza alinipiga kibao cha mdomo. "Kirazira! Mtoto wa kike hapigi mluzi. Unaita nyoka nyumbani." Kirazira ni mwiko, na Mama hakuwa na mzaha na miko. Basi nikawa napiga mluzi mbele ya mtu mmoja tu, yule asiyeweza kunisemea. Tulikuwa tukifua pamoja nyuma ya nyumba, mimi nikiimba nyimbo nzima kwa mluzi, na Hadija akiitazama midomo yangu iliyobinuka na kucheka.

Likizo kubwa ya mwaka ule ilikuwa imeanza tu pale Baba aliposikia ile kelele. Alikuwa kibandani, Jumapili baada ya swala ya Alasiri, akitafuta taarifa ya habari ya Kiswahili kwenye masafa mafupi, zile stesheni za mbali zinazokuja na kupotea. Kati ya stesheni mbili akakuta mlio: mrefu, unatetemeka, kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Eriki, kijana wa chuo aliyekuwa anangoja suruali yake ipunguzwe, akasimama.

"Mzee, usitoe hapo. Hiyo si kelele. Iko maandishi."

"Maandishi gani tena, sha? Redio inaandika?"

"Inaandika, mzee. Na picha inatuma. Lete simu."

Eriki aliweka kwenye simu ya Baba programu moja ya bure, akailaza simu karibu na spika ya redio, na herufi zikaanza kutokea kwenye kioo, moja baada ya nyingine. Kila herufi, akaeleza, ina milio yake. Redio inalia, simu inasikiliza kwa maikrofoni yake, inajua hii ni A na hii ni B. Kuna mtangazaji huko ng'ambo ambaye kila Jumapili anatuma nusu saa ya habari na picha kwa njia hiyo, kwa watu wanaopenda. Eriki alikuwa anamaliza kueleza ndipo akaona Baba haangalii tena simu. Ameshika meza, machozi yanamshuka.

Alikuja nyumbani jioni ile na redio kwapani. Mama alishangaa kuiona.

Jumapili iliyofuata Baba alifunga waya dirishani, akaivuta hadi kwenye mti wa avoka wa jirani ili redio ishike mawimbi vizuri. Akamketisha Hadija mezani, simu mbele yake, redio pembeni. Hadija hakujua anangoja nini. Mlio ulipoanza, mimi na Mama tuliziba masikio. Yeye alikuwa ametulia, kama kawaida. Kisha herufi zikaja. Aliinama. Aliisogelea simu mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Shuleni walikuwa wamemfundisha Kiingereza, akasoma kwa sauti yake ile bapa, neno kwa neno, habari ya wanasayansi fulani waliohesabu ndege. Baada ya maandishi ikaja picha. Haikuja yote mara moja. Ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama mtu anayekunjua mkeka. "Mlima!" Baba akapiga kelele, ingawa alijua hamsikii. "Pua!" akasema Hadija. Ilikuwa nyangumi.

Usiku ule, kitandani, nilimsikia Baba nyuma ya ukuta. "Mama Hadija, mtoto amesikia redio leo. Wallahi, amesikia redio."

Na Mama akajibu, "Mwenyezi Mungu anafungua pole pole."

Mtu mzima angeelewa walichosema. Mimi nilielewa kama kilivyo. Niliamini kwamba ule mlio ulikuwa dawa. Kwamba kila Jumapili unafungua kidogo tundu lililoziba kichwani mwa Hadija, na siku moja litakuwa wazi kabisa. Siku hiyo angemsikia Shangazi Mariamu mwenyewe, na habari ya gauni ingetoka. Angesikia mluzi wangu na kumwambia Mama. Na zaidi ya hayo yote, hakuna mtu angeniita tena kumwambia dada yako hivi, muulize dada yako vile.

Nimejaribu, kwa miaka, kusema moyoni kwamba ilikuwa hofu tu. Haikuwa hofu tu. Jumapili ya tatu niliketi kwenye mkeka nikawatazama Baba na Hadija, vichwa vimegusana, wakibishana kama mstari wa kwanza wa picha ni anga au maji. Walibishana kwa vidole na vicheko, bila mimi.

Jumapili ya nne nilitoka nje. Nikasimama chini ya dirisha, pazia likanificha, nikabinua midomo. Nilikuwa nimeshasikiliza ule mlio wa kutosha kujua sauti yake iko wapi. Nikapiga mluzi wa sauti hiyohiyo, mwembamba, wa chini. Redio ya masafa mafupi yenyewe hupiga miluzi, inapanda na kushuka hewa inapochafuka, kwa hiyo Baba hakushtuka.

"Inaingiliwa," nikamsikia akisema. "Kuna stesheni nyingine inaingilia."

Nikachungulia. Kwenye kioo maneno yalikuwa yamevunjika: herufi, namba, alama za mshangao, vimechanganyika kama punje za mchele na mawe. Nikanyamaza, maneno yakanyooka. Nikapiga, yakavunjika. Nadhani sijawahi, kabla wala baada ya siku hiyo, kujiona mwenye nguvu kiasi kile.

Baba hakukata tamaa. Aliongeza waya. Alipanda juu ya bati, kwenye utelezi wa mvua, akaisogeza mpaka upande wa pili, Mama akimpigia kelele kuwa atavunjika mgongo. Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Jumapili iliyofuata nikarudi dirishani.

Hadija alikuwa na daftari la shule ambamo alinakili kila kilichokuja. Aliandika hata vile vilivyovunjika, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wake uleule mzuri, na pembeni akachora kitu kwa kalamu nyekundu, mstari uliopinda. Sikuuliza ni nini. Siku moja aliniletea ukurasa mzima wa takataka zile, akaniuliza kwa mikono: hii ni lugha gani?

Nikamjibu: Kichina, labda.

Akaandika juu ya ukurasa, kwa Kiingereza: Kichina.

Katikati ya likizo Hadija aliandika barua kwa mtangazaji wa ng'ambo. Aliiandika siku tatu, akifuta na kuanza upya, na hakunionyesha. Eriki alimpiga picha mbele ya kibanda, kwenye kitambaa cheupe, naye amevaa mtandio wake wa njano, kisha akaituma picha na barua kwa barua pepe. Siku chache baadaye alikuja mbio nyumbani kwetu, hata salamu akaisahau.

"Wamejibu! Jumapili hii, mzee, watasoma barua yake. Na picha yake itapita. Uso wa Hadija, mzee, dunia nzima!"

Baba alikaa chini. Hadija akanigusa goti: amesema nini?

Nikamwambia. Hilo nililisema lote, bila kupunguza. Alinikumbatia kwa nguvu mpaka nikaumia.

Jumapili ile chumba chetu kilijaa. Mama alikaanga sambusa tangu asubuhi. Majirani walikuja, Eriki alikuja, na Shangazi Mariamu alitoka Kabeza kwa pikipiki, amejipulizia marashi. Alimshika Hadija mashavu, akasema kwa kicheko, "Leo nitaongea na wewe mwenyewe, mwanangu, sitaki mkalimani!"

Alikuwa anatania. Mimi nikaganda. Nilisimama na sinia la vikombe nikiwaza kwamba leo ndiyo siku. Tundu linafunguka leo, mbele ya watu wote.

Hata hivyo sikutoka nje kwa kukusudia. Nilitoka kumwaga maji machafu, mvua ikinyunyiza. Nikasikia ndani Eriki akisoma kwa sauti, akitafsiri: "Tunamsalimia Hadija wa Kigali, Rwanda. Anatuandikia kwamba..." Watu wakashangilia. Hakuna aliyesema, yuko wapi mdogo wake, aje amwambie. Yeye mwenyewe alikuwa anasoma. Nikaweka beseni chini, nikaenda dirishani.

Nilipiga mluzi mpaka midomo ikakauka. Barua ikavunjika. Eriki akasema, "Aah, hapana, hapana," na Baba akawa anazungusha kitufe cha redio, kushoto, kulia, kidogo kidogo, kama mtu anayepima moyo wa mgonjwa. Kisha picha ikaanza kushuka. Mtandio wa njano ukatokea. "Huyo! Huyo!" wakasema. Paji la uso likatokea. Nyusi. Hapo nilivuta pumzi, nikapiga mluzi mmoja mrefu, unaotambaa juu na chini, na macho ya dada yangu yakaja yamekatwakatwa kwa michirizi. Pua haikuwepo. Mdomo haukuwepo. Palikuwa na vumbi la rangi, na chini kabisa, nilipoishiwa pumzi, kipande cha kidevu.

"Masikini," akasema Shangazi Mariamu, "wamemkata mtoto uso."

Nilikuwa bado nachungulia. Hadija aliinua kichwa kutoka kwenye simu akatazama dirishani. Nilidhani anaitazama mvua.

Baba alisimama mbele ya wageni, fundi mwenye heshima zake, akasema, "Samahanini. Redio yangu imenishinda." Kisha akapiga magoti mbele ya Hadija. Hakuwa na ishara za kusema aliyotaka kusema. Akashika kidevu chake ili amwone mdomo, akasema kwa midomo mipana, "Kosa la Baba. Pole. Kosa la Baba," akijipiga kifuani. Hadija alimtazama, akatikisa kichwa kuwa hapana. Baba akadhani anamfariji.

Eriki alisema kipindi hurudiwa usiku wa manane, kwa masafa mengine, lakini hayo hayakufika kwetu. Jioni ile Baba alipanda juu ya bati akashusha waya.

Siku ya pili Mama alikwenda sokoni, Baba kibandani. Alisahau simu, au Hadija aliificha, sijui. Nilikuwa nafua. Alikuja akakaa mbele yangu, akaiweka simu juu ya jiwe na kuiwasha ile programu. Sehemu ya chini ya kioo kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani: sauti zote ambazo simu inazisikia huchorwa pale kwa rangi, zikishuka taratibu kama mvua. Maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye nguo yalikuwa yanachora vidoti vya njano.

"Piga," akasema kwa sauti yake.

Nikajifanya sielewi.

Akabinua midomo yake kama alivyokuwa akiniona nikifanya tukifua. "Piga."

Nilipiga mluzi mfupi, hafifu. Kwenye kioo ukashuka mstari mwekundu, mwembamba, umepinda. Nyoka. Hadija akafungua daftari lake. Kila ukurasa uliovunjika ulikuwa na nyoka yuleyule pembeni, amechorwa kwa kalamu nyekundu, mahali alipoingilia na mahali alipotokea. Alikuwa ameuona mluzi wangu kwa majuma manne. Alichokuwa hajui ni nani. Hata jana yake, akaniambia kwa mikono, hakutaka kujua, mpaka alipoinua kichwa akaiona midomo yangu kwenye upenyo wa pazia.

Kwa nini?

Ningeweza kumwambia habari ya tundu na gauni. Ningeweza kumwambia kwamba niliogopa asiponihitaji nitakuwa nani. Nilimjibu kwa mikono iliyojaa povu: nilikuwa nacheza tu.

Hakulia, na hakunipiga, ingawa nilimngoja anipige. Akaandika kwenye daftari kwa Kiswahili, ili nisije nikasema sikuielewa ishara: Mwambie Baba. Wewe, si mimi.

Nikaitikia kwa kichwa.

Zilibaki siku kumi likizo iishe. Kila jioni, tukila, Hadija alinitazama, kisha akamtazama Baba, kisha akarudi kwangu. Kila jioni nikainamia sahani. Siku ya kurudi shule alifunga sanduku lake mapema, akakaa juu yake mlangoni akiningoja hadi dakika ya mwisho. Baba alipombebea sanduku kwenda kituoni nilikuwa nimejifungia chooni.

Likizo iliyofuata alirudi na kijitabu kidogo kilichofungwa kwa uzi shingoni, na kalamu. Wageni walipokuja, hakunigusa goti. Alimpa mgeni kijitabu. Nilimwambia kwa mikono: anasema hivi na hivi. Akaitikia kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu baki, akaendelea kumngoja mgeni aandike. Akawaketisha Baba na Mama mezani kila jioni na kuwafundisha ishara, kumi kwa siku. Vidole vya Baba, vilivyozoea uzi, vilishika haraka. Nilichokuwa nakilinda kwa mluzi nilikipoteza hivyo, taratibu, bila mtu kunigombeza.

Hadija sasa ni mwalimu. Anaishi Batsinda na mumewe. Tunatembeleana, tunapikiana, tunacheka. Hajawahi kutaja redio, nami sikuwahi kuitaja, hadi siku ile niliyokuwa juu ya stuli.

Niliposhuka sikuitupa waya. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikamwambia Baba yote, kuanzia gauni. Alisikiliza akiwa ameshika mkasi. Nilipofika kwenye picha, aliuweka chini.

"Na Hadija alijua?"

"Alijua siku ya pili yake."

Nje mtu alikuwa anauliza bei ya mkaa. "Mimi nilidhani nimempa mtoto matumaini nikamvunja," Baba akasema mwishowe. "Nilikuwa nikimwona nasema moyoni, nimemvunja. Miaka yote hii. Naye alikuwa ananiona, akijua si mimi." Alivua miwani. "Mpigie aje."

Ujumbe niliomwandikia Hadija ulikuwa maneno mawili: Nimemwambia. Alikuja saa ileile, kofia ya pikipiki ingali kichwani. Baba akamuuliza kwa mikono yake, polepole na kwa usahihi, kwa nini alinyamaza.

"Lilikuwa lake kusema," akajibu Hadija kwa sauti.

Kisha akatoa simu. Alitafuta kwa muda, akaiweka mbele ya Baba. Ilikuwa picha ya msichana wa miaka kumi na miwili, mtandio wa njano, kitambaa cheupe nyuma yake, macho, pua, mdomo uliokuwa unajizuia kucheka. Muhula ule uliofuata, akaeleza, mwalimu wake alimsaidia kumwandikia mtangazaji, nao wakamtumia tena vyote, picha na barua. Amevihamisha kutoka simu hadi simu. Hakuvileta nyumbani kwa sababu Baba angeuliza ilikuwaje siku ile.

Baba aliugusa uso kwenye kioo kwa kidole kimoja. Chini ya picha kulikuwa na maandishi. Kiingereza chake ni cha vipimo vya suruali tu. Akaisukuma simu kwangu.

"Nisomee."

Nilimtazama Hadija. Alikuwa ameshayaelekeza macho yake kwenye midomo yangu.

Nikasoma: "Tunamsalimia Hadija wa Kigali, Rwanda. Anatuandikia kwamba hasikii tangu utotoni, na kwamba hupokea matangazo yetu nyumbani pamoja na baba yake, fundi cherehani." Mstari uliofuata nilikuwa nimeshauona. Ningeweza kuuruka, Baba asingejua. "Anasema hasomi peke yake. Anasema ana mdogo wake ambaye ni masikio yake, na kwamba herufi zikivunjika humuuliza yeye, kwa sababu mdogo wake hamdanganyi."

Hadija hakuondoa macho yake.

"Rudia hapo," Baba akasema.

Nikarudia.